Nailoni inayopasuka kwenye kona: mpira unachanganywaje nayo ikahimili kishindo? (Mafundi wa Tanga karibuni)

Mwambao Plastiki (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Karakana za Ngamiani kuna kesi haiishi. Gia ya nailoni imekerezwa vizuri, imekaa sawa kwenye shafti, siku mashine inakwama ghafla gia inapasuka, na ufa karibu kila mara unaanzia kona ya mfereji wa ki (kile kipande cha chuma kinachofunga gia kwenye shafti). Mwenye mashine anamlaumu fundi, fundi anamlaumu aliyemuuzia fimbo ya nailoni, muuzaji anasema mzigo ni ule ule wa siku zote. Nafanya kazi za plastiki, nikaona nianzishe uzi, maana kila wiki naulizwa kama hakuna "dawa" ya kuchanganya humo ndani isipasuke.

Dawa ipo. Viwanda vinaitumia tangu miaka ya 1970. Ila tuelewe kwanza ugonjwa.

Nailoni isiyo na mkato ni kazi kuivunja. Chukua fimbo nyembamba yenye ngozi laini, ipinde, igonge na nyundo, utachoka wewe. Sasa itie mkato mmoja mwembamba wa msumeno, igonge kwa upande wa pili: inakatika. Ndiyo maana maabara hawapimi kipande kitupu. Kwenye kipimo cha Izod kipande kinachongwa mkato wa nyuzi 45, ncha yake ina nusu kipenyo cha milimita 0.25, halafu nyundo ya pendulamu inakipiga na wanasoma nishati iliyotumika kukikata. Nailoni 66 (aina mojawapo ya nailoni, nyingine ni nailoni 6) ikiwa kavu inapata jouli 50 hivi kwa mita moja ya unene wa kipande. Ile iliyochanganywa na mpira kwa utaratibu wake inapita 800. Na kumbuka, kwenye huo mchanganyiko nailoni bado ni kama asilimia 80.

Kinachotokea ni hiki. Nailoni ikivutwa polepole, minyororo ya molekuli zake inateleza, inanyumbuka, na huko kunyumbuka ndiko kunakokula nishati. Ikipigwa ghafla penye mkato, nguvu yote inakimbilia kwenye ncha, na pale nyama ya nailoni inavutwa pande tatu kwa mpigo. Haina pa kutelezea, basi ufa unakimbia.

Ukitawanya ndani yake matone madogo mno ya mpira, pigo likija matone yanatoboka kwa ndani kabla ufa haujapata mbio. Vijishimo hivyo vinalegeza ule mvuto wa pande tatu, na nailoni iliyo katikati ya tone na tone inapata nafasi ya kunyumbuka. Wengi wanadhani mpira ndio unaomeza kishindo. Sehemu kubwa ya nishati inaliwa na nailoni yenyewe, mpira umeifungulia mlango tu.

Hata kwa macho utaona. Vunja nailoni kavu: uso wa mvunjiko ni laini, unang'aa, vipande viwili vinarudiana kama havijaachana. Vunja ile yenye mpira: kwanza huenda isiachane kabisa, na pembeni ya mkato panageuka peupe, pamechanikachanika. Weupe ule si rangi ya kiwandani. Ni vile vijishimo, vingi mno, vinatawanya mwanga.

Naendelea, ngoja nipate chai.

---

Tupa Butu

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye kemia yao.

---

Fundi Leti Barabara ya 12

Mwanangu umeandika vizuri. Mimi nakereza tangu gia za nailoni hazijaja, tunakereza za chuma na za shaba. Sisi kwetu dawa ni kuchemsha. Gia ukishaikereza unaitia kwenye sufuria ya maji inachemka masaa, ukiitoa haipasuki ovyo. Hujaisema hiyo. Au kwenye vitabu vyenu haimo?

---

Mwambao Plastiki

Shikamoo mzee wangu. Imo, tena viwandani wanaifanya kwa makusudi. Ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya ni nailoni 66, na inafungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili unyevu wake usitoroke. Iache juani kwenye dirisha la duka ikauke, kisha uivute uone itakavyokatika.

Maji yanaingia katikati ya minyororo ya nailoni, pale ilipokuwa imeshikana, na kuilegeza. Nailoni 6 ikiwa kavu huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi. Ikishakunywa maji kiwango hicho kinashuka hadi chini ya joto la kawaida la chumbani, kwa hiyo kwa joto letu la Tanga tayari imeshalegea na kishindo inakihimili.

Tatizo, nailoni 6 ikishiba maji inabeba asilimia 9 hadi 10 ya uzito wake, na inavimba. Urefu na kipenyo vinaweza kuongezeka asilimia 2 hadi 3. Kwenye gia ya mashine ya unga labda utavumilia. Kwenye bushi iliyokerezwa ikae kwa kubana, shafti itashikwa. Na ukipeleka mashine bara kwenye kiangazi, maji yanatoka, gia inarudi ilikotoka.

Mpira haukauki. Ndiyo tofauti.

---

Fundi Leti Barabara ya 12

Marahaba. Hilo la kubana nimeliona sana kwenye bushi za shafti za mashua. Tukiziacha na nafasi ile ile ya shaba, wiki haiishi propela imegoma.

---

Mtoto wa Makorora

Sasa wakuu si rahisi tu? Tairi chakavu zimejaa kila gereji. Unasaga mpira unga, unayeyusha nailoni, unakoroga. Nini kinashindikana?

---

Binti Chumbageni

Kinashindikana kitu kikubwa ndugu yangu. Mimi nimesoma kemia ya polima (vitu vya minyororo mirefu ya molekuli, kama plastiki na mpira), niongezee hapo kwa mleta uzi.

Mpira wa tairi umeshapikwa na salfa. Minyororo yake imefungwa pamoja, hauyeyuki tena. Kwa hiyo punje uliyoingiza ndiyo utakayoikuta humo hadi mwisho. Na unga wa tairi hata ukisagwa vizuri, punje zake ni mikroni mia kadhaa (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Sisi tunataka matone yaliyo chini ya mikroni moja. Punje kubwa namna hiyo ndani ya nailoni inageuka kuwa mkato mwingine, yaani umemsaidia adui.

La pili, nailoni na mpira havipendani. Molekuli za nailoni zina chaji za kuvutana, za mpira ni za jamii ya mafuta. Hata ukitumia mpira mbichi unaoyeyuka, bila kiunganishi matone yatakuwa makubwa, na yakipoa yanaachana na nailoni. Ukikunja kipande kinachambuka tabaka tabaka kama chapati ya kusukuma.

Kilichowafungulia njia ni kuupachika mpira kemikali inayoitwa anhidridi ya maleiki, kiasi kidogo tu, mara nyingi chini ya asilimia 1 au hapo hapo. Mpira unaotumika sana ni EPDM, au ule wa SEBS, yote ni majina ya mipira ya viwandani. Mnyororo wa nailoni una ncha ya amini (kikundi cha kemikali chenye nitrojeni). Vikikutana ndani ya mashine kwenye joto, amini inaikamata maleiki na vinafungamana kikemia hapo hapo. Mnyororo mmoja sasa una mguu kwenye nailoni na mguu kwenye mpira. Matone hayawezi kurudi kuungana yakawa makubwa, na hayawezi kujitoa.

Kwa hiyo kukoroga peke yake hakutoshi. Usipopata ndoa hiyo ya mpakani, umefanya kachumbari.

---

Mwambao Plastiki

Dada umenimalizia kazi. Niongeze historia kidogo, maana ni ya kuvutia.

Nailoni 66 ilipatikana 1935 kwenye maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani, chini ya Wallace Carothers. Nailoni 6 akaja nayo Paul Schlack wa Ujerumani mwaka 1938. Miaka mingi watu walikuwa wanaipenda kwa nyuzi, soksi na kamba, na kwenye vipande vya kumimina walikuwa wanailalamikia kupasuka kwake penye kona. Miaka ya 1970 DuPont hao hao wakatoa nailoni yenye mpira, jina la biashara Zytel ST. Hataza ya Bennett Epstein ilitolewa 1979. Wakati huo namba zile za Izod zilikuwa kama uongo.

Halafu 1985 Souheng Wu, naye wa DuPont, akatoa jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Alionyesha kwamba muhimu si ukubwa wa tone peke yake wala wingi wa mpira peke yake, ni umbali wa nailoni iliyobaki kati ya tone na tone. Kwa nailoni 66 mpaka ni kama mikroni 0.3. Ukuta kati ya matone ukiwa mwembamba kuliko hapo, nailoni inanyumbuka. Ukiwa mnene zaidi, inapasuka kama haina kitu. Hakuna mteremko wa polepole, ni kama umevuka barabara.

---

Hesabu za Usiku

Hiyo ya umbali inapigika hesabu. Chukulia matone yote yana ukubwa sawa na yamepangika sawasawa. Umbali = kipenyo cha tone mara [mzizi wa tatu wa (π ÷ 6 ÷ sehemu ya mpira kwa ujazo) toa 1].

Mpira ukiwa asilimia 20 ya ujazo, mabano yanatoa 0.38. Ili umbali uwe mikroni 0.3, matone yasizidi kipenyo cha mikroni 0.8 hivi. Mpira ukipunguza hadi asilimia 10, mabano yanatoa 0.74, matone lazima yashuke hadi 0.4.

Kwa hiyo anayebania mpira kwa ajili ya bei anatakiwa awe na mashine ya kusaga matone madogo mara mbili. Biashara ni hiyo hiyo, unalipia huku au kule.

---

Mtoto wa Makorora

Sawa nimekubali kuhusu tairi. Basi matone madogo zaidi na zaidi, tuyafanye hata ya mikroni 0.01, si ndiyo bora?

---

Binti Chumbageni

Hapana, kuna sakafu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin miaka ya 1990 walichanganya nailoni 6 na SEBS yenye maleiki nyingi, ndoa ikawa kali mno, matone yakashuka hadi mikroni 0.05 hivi. Nailoni ikarudi kuvunjika. Tone dogo sana halitoboki kwa ndani, na lisipotoboka ule mvuto wa pande tatu haulegei. Kwa nailoni 6 kuna kanda ya katikati inayofanya kazi, chini yake hasara, juu yake hasara.

Cha ajabu, mpira ule ule kwenye nailoni 66 ulitoa matone makubwa zaidi na nailoni ikawa imara. Sababu ni ncha. Nailoni 6 kwa kawaida ina amini upande mmoja wa mnyororo. Nailoni 66 ina minyororo mingine yenye amini pande zote mbili, inashika mpira huku na huku, matone yanakamatana na hayasagiki kirahisi. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba nailoni zote ni moja, mapishi ya hii hayahamii kwa ile.

---

Mvuvi wa Deep Sea

Mimi sina kemia lakini nina nyavu. Pale Deep Sea nyavu chakavu zinatupwa, na watu wanazichoma. Nimesikia nyavu ni nailoni. Je zinaweza kuingia kwenye huo mchanganyiko? Kuna jamaa ana mashine ndogo ya kumimina plastiki, anatengeneza vibanio na visahani, yuko tayari kujaribu.

---

Mwambao Plastiki

Kaka hili ndilo swali lenye hela ndani yake.

Nyavu nyingi za nyuzi laini ni nailoni 6, kweli. Ila wavu una vitu vitatu vinne: nyama ya wavu, kamba ya juu, kamba ya chini, maboya. Kamba mara nyingi ni polipropilini au polithini, na hizo ndizo zile "hazipendani" na nailoni alizosema dada. Ukiyeyusha vyote pamoja unapata chapati.

Kutenga ni rahisi kwa maji. Kata vipande vidogo, vioshe kwa sabuni vizuri hewa isibaki imenasa, tumbukiza. Polipropilini na polithini ni nyepesi kuliko maji, zinaelea. Nailoni ina uzito wa gramu 1.14 kwa sentimita moja ya ujazo, inazama. Lakini na poliesta inazama, hivyo usiishie hapo. Chukua maji yaliyoshiba chumvi, yaani umekoroga chumvi hadi nyingine inabaki chini haiyeyuki. Hayo yanafika karibu 1.2. Nailoni itaelea humo, poliesta itazama. Chumvi ya mawe tunayo tele mwambao huu, gharama ni ndogo. Ukimaliza osha chumvi yote.

Halafu kausha. Hapa wengi wanapuuza. Nailoni yenye maji ukiiyeyusha kwa nyuzi 240, yale maji yanaikata minyororo. Kipande kinatoka na michirizi ya fedha juu ya ngozi na kinakuwa dhaifu, mpira hautakuokoa. Inatakiwa nyuzi 80 kwa masaa kadhaa, unyevu ushuke chini ya asilimia 0.2, na iingie mashineni ikiwa bado ya moto. Kuanika juani pale ufukweni hakutoshi, hewa yetu yenyewe ni mvua.

Mabaki machache ya polithini yakibaki usikate tamaa. Kuna polithini iliyopachikwa maleiki, inauzwa kama punje, inafanya ndoa ile ile. Na kwa kishindo, unanunua punje za EPDM au mpira mwingine uliokwisha kupachikwa. Unachanganya zikiwa kavu, asilimia 15 hadi 20 kwa uzito, unapitisha mashineni. Mashine ya parafujo moja (skrubu ndefu inayosukuma na kukoroga plastiki iliyoyeyuka) itatoa kitu, ila parafujo pacha ndizo zinazosaga matone sawasawa. Tafadhali msijaribu kupachika maleiki wenyewe kwenye sufuria. Moshi wake unachoma macho na mapafu.

Na yule atakayesema "tutie na mabaki ya bomba la PVC": kwenye joto la nailoni PVC inaoza na kutoa tindikali ya hidrokloriki. Itakula mashine na itakula kifua chako.

---

Mkonge Damu

Nimezaliwa kambi ya mkonge, baba alikuwa kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi. Hapa Tanga mkonge upo tangu yule Mjerumani, Richard Hindorf, aulete 1893. Mnazungumzia mpira wa kununua nje wakati tuna nyuzi zetu. Kwa nini nailoni isitiwe nyuzi za mkonge ikawa imara?

---

Binti Chumbageni

Mkuu nakuunga mkono kwa uzalendo, ila joto linakataa. Nailoni 6 inayeyuka kwenye 220, nailoni 66 kwenye 260 hivi. Uzi wa mkonge ukipita 200 unaanza kuungua, unakuwa kahawia na dhaifu. Mkonge unakwenda vizuri na polipropilini, inayoyeyuka kwenye 165 hivi, na huko nako maleiki ile ile ndiyo inayowaunganisha, safari hii ikishika upande wa mkonge.

Tena tusichanganye mambo. Nyuzi zinaongeza ukakamavu, kitu kisipinde. Mpira unaongeza kuhimili kishindo, kitu kisipasuke. Nailoni yenye mpira asilimia 20 inapoteza ukakamavu, kutoka karibu gigapaskali 3 hadi chini ya 2. Hakuna cha bure. Ndiyo maana kuna wanaotia nyuzi za kioo na mpira kwa pamoja, na kuna Noryl GTX, ambapo nailoni inachanganywa na polima nyingine ngumu inayostahimili joto, na ndani kuna mpira. Ile inatengenezewa madi gadi za magari.

---

Fundi Leti Barabara ya 12

Wanangu mnasema vizuri lakini mimi nimebaki na gia yangu. Sina mashine ya parafujo, nina leti. Fimbo nanunua dukani. Nifanye nini?

---

Mwambao Plastiki

Mzee wangu, nikwambie bila kuzunguka. Kwenye gia yako mchanganyiko wa mpira si jibu la kwanza. Fimbo ikishafika kwako, mambo ya kuchanganya yamekwisha kiwandani, huwezi kuyarudisha. Na gia yenye mpira mwingi meno yake yanalegea chini ya mzigo. Nailoni yenye mpira ina kwake: vibanio, makasha ya vifaa vya umeme, vishikio, vitu vinavyoanguka na kugongwa.

Kwa gia, ugomvi uko kwenye kona ya mfereji wa ki. Ukiichonga kali, umejitengenezea mkato wa maabara mwenyewe. Izungushe. Bushi ya majini achana na nailoni, tumia asetali (plastiki nyingine ngumu), yenyewe hainywi maji mengi, au ile polithini nzito ya minyororo mirefu sana. Kuchemsha kwako endelea nako kwenye gia, ila pima kipenyo baada ya kuchemsha, si kabla.

---

Fundi Leti Barabara ya 12

Kona nizungushe kiasi gani?

---

Mwambao Plastiki

Nusu milimita ni bora kuliko kali. Kukiwa na nafasi fika milimita moja. Na ki yenyewe ilainishe kona zake zilingane, la sivyo itakaa juu ya mviringo na kuipasua gia kwa kuitanua.

---

Fundi Leti Barabara ya 12

Hiyo ya ki kutanua ndiyo sikuwa naifikiria. Ki za dukani zote zina kona kali, itabidi nizipige tupa moja moja. Kuna gia ya mashine ya kukoboa inakuja Jumatatu kutoka Muheza, nitaanza na hiyo.

---

Mvuvi wa Deep Sea

Na mimi jamaa wa mashine kakubali. Anauliza: punje za mpira wa maleiki anaweza kuanza na kilo chache au ni mpaka gunia?

---

Mwambao Plastiki

Viwandani zinakuja kwa gunia la kilo 25. Ongeeni na wenye mashine wengine wa Dar mgawane moja, kwa asilimia 20 gunia hilo linahudumia kilo 100 za nailoni. Likifunguliwa lifungwe vizuri, maleiki nayo haipendi unyevu.